Mama mkwe anataka kunichomea majani miguuni ili mtoto ageuke

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 31, na kwa sasa naishi Guangzhou, China. Nilikuja kusoma, nikamaliza, nikabaki kwa kazi ya kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo na kuipakia kwenye kontena. Nimeolewa na Mchina wa mkoa huu wa Guangdong. Tunaishi na mama yake, na namshukuru Mungu nina mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33.

Tatizo ni kwamba mtoto ametanguliza matako. Ultrasaundi ya kliniki iliyopita ilionyesha kichwa kiko juu, chini ya mbavu zangu, na hata mwenyewe nikijipapasa nakisikia. Daktari alisema nisiwe na wasiwasi, bado ana nafasi ya kugeuka mwenyewe. Tukifika wiki ya 36 au 37 akiwa bado hivyo, tutazungumza habari ya kumgeuza kwa mikono kutoka nje ya tumbo, au upasuaji.

Mama mkwe aliposikia, jioni ileile alileta boksi la vijiti vya aijiu. Ni majani makavu ya mmea wanaouita ai, yamepondwa yakawa laini kama pamba, yakaviringishwa kwenye karatasi. Anataka kuwasha kijiti na kukisogeza karibu na kidole cha mwisho cha mguu, kwenye kona ya nje ya ukucha, mguu huu na huu, kila siku kwa wiki nzima, ikibidi mbili. Anasema joto likipenya pale mtoto atacheza mpaka ageuke, na kwamba mume wangu mwenyewe aligeuzwa hivyohivyo akiwa tumboni. Kwake yeye wiki hizi ndizo wakati wake. Nikisubiri, mtoto atakuwa mkubwa na atakosa nafasi.

Tiba hii si ngeni kwangu. Kabla sijashika mimba nilikuwa naumwa sana nikiwa kwenye siku zangu. Mama mkwe akaniwekea tumboni kiboksi cha mbao chenye ai inayowaka, nikapata nafuu kweli. Lakini siku nyingine, akiwa ananipashia chini ya goti, majivu yenye moto yalinidondokea, na kovu liko kwenye muundi wangu hadi leo. Najua hakukusudia. Ila tangu hapo nikisikia ile harufu mwili wote unanisisimka.

Mama yangu mzazi nilimpigia simu, akashtuka. Alisema moto na mimba haviendi pamoja, na nilipomtumia picha ya jani akasema hilo si ni pakanga tu, na kwetu mjamzito haguswi na pakanga kwa sababu inatoa mimba. Tena anashuku ni uganga. Moshi, kidole cha mguu, mtoto kugeuka tumboni, anauliza hayo yanahusianaje kama hakuna jambo nyuma yake. Sasa kila asubuhi ananitumia ujumbe kuniuliza kama nimeshachomwa.

Mume wangu yupo katikati, hasemi kitu. Kichina changu kinatosha sokoni, lakini nyumbani mama mkwe huongea zaidi Kikantoni, kwa hiyo mambo mazito namtegemea mume wangu atafsiri. Juzi nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akamwambia mama yake maneno machache, mama akatabasamu, akaenda kutafuta kisahani cha majivu. Hadi sasa sijui alimwambia nini.

Mama mkwe hata alinipeleka kwenye hekalu la Sanyuan, kilima cha Yuexiu, si mbali na ofisi yetu ya Xiaobei, anakoenziwa Bao Gu, mwanamke wa karne ya 4 aliyesifika kwa tiba hii, ili nione kwamba si jambo la kuokota njiani. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Siwezi kumchukia, kwa sababu ananipenda na ananihudumia. Lakini nikikataa kisha nikazaa kwa upasuaji, atasema niliambiwa sikusikia. Nikikubali kisha likatokea baya, mama yangu hatanisamehe. Daktari sijamwambia, naona aibu, nahisi ataniona mjinga.

Naomba unisaidie kufikiri.

Msomaji, Guangzhou

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mimba.

Nilivyokuelewa, hapa kuna mambo mawili yaliyojifunga pamoja. La kwanza ni mtoto aliyekaa matako chini, na kama moto wa majani pembeni ya ukucha unaweza kumsaidia au kumdhuru. La pili ni mwili wako, ambao mama wawili wanaokupenda wanaujadili, mmoja kwa simu na mwingine kwa Kikantoni, na wewe mwenye mwili huna uhakika kama sauti yako imefika popote. Nadhani la pili ndilo linalokunyima usingizi zaidi, ingawa umeandika mengi kuhusu la kwanza. Kama nimekosea, puuza, twende na lile la kwanza.

Katika wiki ya 33 bado kuna watoto wengi waliokaa kama wako. Mimba ikikomaa hubaki kama watatu au wanne tu katika kila 100, maana wengine hugeuka wenyewe. Mtoto hukaa hivyo kwa sababu nyingi: umbo la mji wa mimba, uvimbe ndani yake, mahali lilipojishikiza kondo la nyuma, maji kuwa mengi au machache kupita kiasi. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana kabisa. Hukulala vibaya, hukuinua mzigo usiofaa pale Xiaobei. Nasema hivi kwa sababu barua yako ina harufu ya kujilaumu kabla hata jambo halijatokea.

Sasa moto wenyewe. Mama mkwe wako hajatunga. Ile kona ya nje ya ukucha wa kidole cha mwisho inaitwa Zhiyin, ndiyo nukta ya mwisho ya njia ya kibofu, moja ya njia ambazo tiba ya Kichina huamini nguvu ya mwili hupitia, na waganga wa huko wameitumia tangu zamani kwa mtoto aliyekaa vibaya. Hata hizo wiki anazozitaja zina msingi. Mwaka 1998 Mwitaliano Francesco Cardini na Mchina Huang Weixin walichapisha utafiti uliofanyika mkoa wa Jiangxi, jirani na Guangdong, kwa wanawake 260 wenye mimba ya kwanza, wiki ya 33, watoto wakiwa wametanguliza matako. Ni kama walikuwa wanakutafuta wewe. Nusu walipashwa kwa ai kwenye nukta hiyo, nusu hawakufanyiwa kitu. Kufika wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa kundi la kwanza walikuwa wamegeuza kichwa chini. Kundi la pili walikuwa 62 kati ya 130. Waliopashwa walisikia pia watoto wakicheza zaidi.

Namba hizo zina pande mbili. Tofauti ni kubwa, haifai kubezwa. Lakini wale 62 waligeuka bila mtu kuwasha chochote, na mwanao anaweza kuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo. Nadhani jambo hili linaweza kukupunguzia uzito wa kila upande: akigeuka baada ya moto, hakuna atakayejua kwa hakika kama ni moto, na akigeuka bila moto, mama mkwe hatakuwa ameshindwa.

Cardini alirudia jaribio hilo Italia, matokeo yakatoka 2005, na safari hii hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Wanawake kadhaa waliacha tiba katikati: harufu iliwachefua, moshi uliwasumbua koo, wengine walisikia tumbo likikaza. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Wewe umeniambia mwili unasisimka kwa harufu tu, kwa hiyo habari ya wanawake hao inakuhusu pia. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio mbalimbali na kuyapima kwa pamoja. Waliona kwamba ai ikiongezwa kwenye huduma ya kawaida, inaelekea kupunguza idadi ya watoto wanaofika siku ya kuzaliwa wakiwa hawajatanguliza kichwa, lakini idadi ya upasuaji inaelekea kubaki karibu ileile.

Hapo ndipo ningependa utulie. Umeandika kana kwamba kukubali ni njia ya kuzaa kawaida na kukataa ni njia ya kisu. Ushahidi hauko hivyo. Kuna wanaopashwa na wakapasuliwa, na wasiopashwa wakazaa kawaida.

Hekalu, nalo, ni habari nyingine. Bao Gu anaheshimiwa Guangzhou kwa haki yake, na mwaka 2010 UNESCO iliiweka tiba ya sindano na moto ya Kichina kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Heshima hiyo ni ya utamaduni. Haisemi dawa inafaa nini wala inamfaa nani. Usijione mkosa adabu ukiuheshimu urithi wa mama mkwe na wakati huohuo ukaomba kujua unafanya nini miguuni mwako.

Kwa mama yako Tanga, naye ana sehemu ya ukweli. Ai na pakanga ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea. Ukoo huohuo ndio wenye mmea mwingine wa Kichina ambao Tu Youyou na wenzake walipata dawa ya malaria iliyomo leo kwenye dawa mseto, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel 2015. Undugu huo haufanyi mimea hiyo iwe kitu kimoja, na kunywa jani si sawa na kulichoma mbali na ngozi. Hofu ya mama yako inahusu kunywa, na kwa hilo wakunga wengi duniani wanakubaliana naye: mjamzito asinywe mimea ya ukoo huu kiholela. Huko Guangdong watu huchemsha mayai na majani ya ai, hutengeneza hata vitumbua vya ai. Ukiletewa, na vinaletwa kwa upendo, ni halali kabisa kusema utakula baada ya kujifungua.

Kuhusu uganga, muulize mama mkwe moja kwa moja kama kuna maneno anayoyasoma au kitu anachokiomba wakati wa kuchoma. Tiba yenyewe haihitaji dua wala mzimu. Nchini China inafanyika hospitalini, kwenye idara za tiba ya asili, na wahudumu waliosomea. Kama yeye ana la ziada la imani yake, utalijua, na utaamua kwa imani yako.

Tena mama yako si adui wa joto. Ungejifungulia Tanga angekukanda kwa maji ya moto mpaka uombe po, angekufukiza, na wewe usingeogopa kwa sababu mikono ni yake. Nahisi kinachomtisha zaidi ni kwamba mwanawe yuko mbali, anawekewa moto na mtu asiyemjua, na yeye hana pa kushika. Ujumbe wa kila asubuhi huenda una swali jingine ndani yake. Ingekuwaje wangeonana kwa simu ya video, wewe ukiwa katikati, mama mkwe akimwonyesha kijiti na umbali anaokishikia? Inaweza kumtuliza. Inaweza pia kuwasha ugomvi wa wakwe wawili, na wewe unawajua kuliko mimi.

Tuje kwenye kovu. Hofu yako si ya kufikirika, umeibeba kwenye muundi. Katika upashaji wa namna hii kijiti hakigusi ngozi. Hushikwa umbali wa sentimita mbili au tatu, kwa dakika kama 15 kila mguu, na anayepashwa anatakiwa kusikia joto la kupendeza, asisikie kuungua. Majivu hukung'utwa kila mara kabla hayajadondoka. Vipo vijiti vya makaa visivyotoa moshi mwingi, na dirisha hufunguliwa, maana moshi wa majani ni moshi tu, hauwi salama kwa pafu eti kwa kuwa ni wa dawa. Kijiti huzimwa ndani ya chupa yenye mchanga au chombo kinachozibwa, kwa sababu kinaweza kuonekana kimekufa na ndani bado kinawaka. Kama miguu yako imevimba mpaka imepungukiwa hisia, au umeambiwa una kisukari cha mimba, sema kabla, kwa sababu mguu usiosikia vizuri huungua bila mwenyewe kujua.

Na kuna hali ambazo haifai kujaribu kumgeuza mtoto kwa njia yoyote bila daktari kukubali: kondo la nyuma likiwa limeziba mlango wa uzazi, damu ikitoka, maji yakiwa machache, chupa ikiwa imepasuka, shinikizo la damu likiwa juu, au mji wa mimba ukiwa na umbo lisilo la kawaida. Ultrasaundi yako inaweza kuwa imeshajibu mengi ya haya. Daktari ndiye anayejua, na ndiye pekee ambaye hujamwambia.

Unasema daktari atakuona mjinga. Umejuaje? Uko Guangzhou, mwanangu, si London. Daktari wa uzazi wa mji huo ameulizwa habari ya ai na wajawazito wengi kabla yako, na yawezekana mama yake mwenyewe ana boksi la vijiti kabatini. Anaweza kukuambia hapana kwa sababu maalumu ya mimba yako. Anaweza kukuelekeza idara ya tiba ya asili, ambako atakushika mtu asiye na historia na mguu wako, na ambako mama mkwe anaweza kukusindikiza na kukaa pembeni. Anaweza kusema hana neno, fanya au acha. Majibu yote matatu yatakusaidia kuliko kimya. Na hata ukiamua kuanza nyumbani kabla ya kliniki, usimfiche baadaye.

Muulize pia kuhusu kugeuza kwa mikono, maana umeitaja kwa haraka kana kwamba ni jambo la kutisha tu. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 au 37, hospitalini, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Hufaulu kwa takriban nusu ya wanawake, na kwa mimba ya kwanza huwa chini kidogo ya hapo. Inauma kwa baadhi, na kwa mama mmoja hivi kati ya 200 hulazimu upasuaji wa haraka. Si kila hospitali inaifanya. Uliza kama yako inafanya, na kama kuna mkunga au daktari mzoefu wa kuzalisha mtoto aliyetanguliza matako, ili ujue milango iliyopo kabla hujafika mlangoni. Kusubiri tu, bila ai, hadi wiki hiyo nako ni uamuzi kamili wenye hoja zake. Gharama yake ni kwamba ukibadili mawazo baadaye, muda ambao ai imejaribiwa zaidi unakuwa umepita.

Sasa mumeo. Usimhukumu haraka kwa ule utafsiri wa maneno machache. Huenda alisema "anaogopa kidogo, mama, uwe mwangalifu," na mama akaelewa kwamba umekubali kwa masharti. Huenda hakusema kabisa. Mwombe, mkiwa wawili tu, akueleze alichosema siku ile, na bila kumshtaki. Kisha mwambie sentensi moja unayotaka ifike kama ilivyo. Kama ni nzito kwake kuisema mbele ya mama yake, mnaweza kuiandika, au kumwomba rafiki anayejua Kikantoni, au kuizungumza kliniki mama mkwe akiwepo, daktari akiwa shahidi. Kila njia ina aibu yake. Kumtumia mtu wa nje kunaweza kumuumiza mama mkwe, na kumtumia daktari kunaweza kuonekana kama kumshtaki.

Lakini kabla ya sentensi hiyo, jiulize ni ipi. Ni "sitaki moto"? Ni "nataka, lakini kijiti nishike mwenyewe au ashike mume wangu"? Maana hilo linawezekana pia, na kwa mtu mwenye kovu kama lako, mkono unaoshika moto ni jambo kubwa. Au ni "niulize kwanza, Mama, kisha nitajibu"? Ungejibu nini kama angekuuliza kwa upole, akitazama lile kovu, akasema samahani? Sijui. Jibu lako kwa swali hilo litakuonyesha kama unaogopa ai au unaogopa kutoulizwa, na hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Lile la lawama, kwamba mmoja wao hatakusamehe, sidhani kama unaweza kulimaliza kwa kuchagua vizuri. Ukimridhisha huyu, yule ana neno. Unaweza hata hivyo kuwaambia wote wawili, mapema, kabla matokeo hayajajulikana, kwamba umeshauriana na daktari na uamuzi ni wako na mumeo. Likisemwa kabla, linasikika tofauti na likisemwa baada ya kisu. Na ikifika kisu, wewe utakuwa mzazi kama mzazi mwingine, mwenye kidonda cha kuuguza na mtoto wa kunyonyesha. Mama mkwe atakuwa na mwezi mzima wa kukulea ndani kwa desturi yao, na ukipenda, arobaini ya kwetu inaweza kuingia humo humo.

Chochote mtakachoamua, ukiona damu, maji yakimwagika, tumbo likikaza kwa kufuatana, kichwa kikiuma sana na macho kuona maluweluwe, au mtoto akipungua kucheza, usisubiri kijiti kiishe wala mumeo arudi kutoka kazini. Nenda hospitali saa ileile, na waambie tangu mapokezi kwamba mtoto ametanguliza matako.

Mama Mshauri